Mbwa Asiyebweka na Jina Lake

Watu wapendao mbwa hawapendi wote mbwa wa namna moja. Yuko apendaye mbwa mkubwa wa kulinda mlango, yuko apendaye mbwa mwepesi wa kuwinda, na yuko apendaye mbwa mdogo wa kupakata. Walakini wapo wengine ambao mapenzi yao hufuata uhaba: hutaka mbwa ambaye jirani hana, na ambaye pengine mji mzima hauna. Kwa watu hao mbwa aitwaye Basenji amekuwa na heshima kubwa kwa miaka mingi. Nitakueleza habari zake, msomaji, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mbwa huyu ni wa bara letu la Afrika. Ya pili, jina lake ni ndugu wa neno la Kiswahili unalolijua vema, nalo si neno la sifa.

Kwanza yafaa umtambue. Basenji ni mbwa mdogo. Dume husimama kiasi cha sentimita 43 mabegani, na uzito wake ni kama kilo 11. Jike hupungua kidogo. Manyoya yake ni mafupi na laini, aghalabu mekundu, na kifua, nyayo na ncha ya mkia huwa nyeupe. Masikio yake husimama wima, paji lake lina makunyanzi kama la mtu afikiriaye jambo zito, na mkia wake umejikunja juu ya mgongo mfano wa pete. Hujilamba mwili mzima kujisafisha kama paka afanyavyo. Jike hupata majira ya kupandwa mara moja tu kwa mwaka, hali majike ya mbwa wengi wengine hupata mara mbili. Na ajabu itajwayo kuliko zote ni kwamba habweki kama mbwa wengine. Usidhani kuwa ni bubu. Hunguruma, hulia, na akifurahi hutoa sauti ipandayo na kushuka, iliyo karibu zaidi na vigelegele kuliko mbweko. Sababu yake ni umbo la koo lake, ambalo si sawasawa na la mbwa wengine.

Kwao ni katika misitu ya Kongo na nchi zipakanazo nayo, mpaka Sudan Kusini. Georg Schweinfurth, Mjerumani mtaalamu wa mimea, alisafiri katika nchi ya Wazande kati ya mwaka 1868 na 1871, naye aliandika habari za mbwa wao: wadogo, wenye masikio ya kusimama na mkia uliojikunja kama wa nguruwe mchanga. Aliandika pia kuwa mbwa hao walivikwa kengele za mti shingoni ili wasipotee katika majani marefu. Katika msitu wa Ituri, Wambuti nao wametumia mbwa wenye kengele za namna hiyo katika uwindaji wao.

Fikiri kidogo juu ya kengele hiyo. Mwindaji aliye katika msitu mnene haoni mbali. Mbwa abwekaye humwambia bwana wake mahali alipo. Mbwa asiyebweka hupotea machoni na masikioni pia. Mwenye mbwa akachonga mti, akautoboa ndani, akautia ulimi, akamfunga mbwa wake. Mbwa akawa na sauti ambayo maumbile hayakumpa, na mwindaji akaweza kuifuata huku funo na paa wakikimbizwa kuelekea penye wavu au upinde. Kwa hiyo tunajua kuwa mbwa huyu hakuwa mnyama wa kuzurura majaani. Alikuwa na kazi na bwana wake, na bwana wake alikuwa na maarifa.

Wako waandishi waliotaka kumtukuza Basenji kwa kusema kuwa ndiye mbwa wa Mafarao, kwani katika makaburi ya Misri ya kale zimo picha za mbwa wenye masikio ya kusimama na mikia iliyojikunja. Hapa mwanafunzi wa historia yampasa awe na hadhari. Kufanana kwa sura si ushahidi wa nasaba. Watu wawili wawezao kudhaniwa ndugu huenda wasiwe hata na babu mmoja. Jambo tuwezalo kulisema ni dogo zaidi, lakini ni imara. Wataalamu waliochunguza chembe za urithi za mbwa wa dunia katika miaka ya karibuni wamemweka Basenji miongoni mwa koo chache zilizojitenga mapema na ambazo hazikuchanganyika sana na mbwa wa Ulaya. Hakuhitaji Farao ili awe na heshima. Misitu aliyoishi ilitosha kumhifadhi.

Sasa tulitazame jina. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliondoka pwani ya Waswahili, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikaingia Manyema mpaka Kasongo na Nyangwe katika mto wa Kongo. Misafara hiyo ilitafuta pembe za ndovu, na pamoja na pembe ilichukua watumwa. Ilibeba vitambaa na shanga na bunduki. Ikabeba na lugha, ambayo hata leo ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walakini lugha haisafiri peke yake. Husafiri pamoja na majivuno ya wasemaji wake. Mtu wa pwani alijiita mwungwana, na mtu wa bara asiyefuata dini yake wala desturi zake alimwita mshenzi. Katika lugha nyingi za Kongo watu wengi hutajwa kwa ba-, pale sisi tusemapo wa-. Huna haja ya mwalimu kukuonyesha udugu uliopo baina ya washenzi na basenji. Mbwa wa basenji alikuwa mbwa wa watu wa porini, watu waliodharauliwa na wale waliojiona wamestaarabika.

Wazungu walipotaka kumpeleka mbwa huyu kwao, safari haikuwa nyepesi. Uingereza ilikwisha kuwa na desturi ya kushindanisha mbwa kwa uzuri wa umbo, na chama cha kuandika nasaba zao, Kennel Club, kilianzishwa mwaka 1873. Mwaka 1895 mbwa wawili wa namna hii walionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Crufts kwa jina la teria wa Kongo, lakini walikufa upesi kwa distempa, maradhi ambayo miili yao haikuyazoea. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alileta sita kutoka Sudan. Nao wakafa wote baada ya kuchanjwa chanjo ya maradhi yale yale. Ndipo Bi Olivia Burn, Mwingereza aliyewapata mbwa hao katika Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji, akafaulu. Mwaka 1937 aliwaonyesha Crufts, watu wakasongamana kuwatazama mbwa wasiobweka. Jina walilojulikana nalo tangu hapo ni Basenji.

Mwaka huo huo wengine walipelekwa Marekani. Distempa ikawaangamiza tena, akabaki dume mmoja tu aliyeitwa Bois. Mwaka 1941 jike mmoja alikutwa bandarini Boston, katika ngama ya meli iliyotoka Afrika Magharibi, amekonda na kudhoofika. Akapewa jina la Congo, akakutanishwa na Bois, na watoto wao wakakua. Mwaka 1943 chama kikuu cha mbwa cha Marekani kilimwandika Basenji katika daftari lake. Mwaka 1959 Bi Veronica Tudor-Williams alikwenda kusini ya Sudan kutafuta damu mpya, akarudi na jike mwekundu aliyeitwa Fula. Jike huyo hakushindanishwa kamwe, lakini jina lake limo katika nasaba za Basenji wengi mno walioko Ulaya na Marekani.

Ukiwa mwangalifu umekwisha kuona hatari iliyojificha katika habari hizi. Mababu wa mbwa wote hao walikuwa wachache mno. Sheria ya daftari la nasaba ni kwamba mbwa asiandikwe ila wazazi wake wameandikwa; mlango ukifungwa hivyo, jamaa huoana na jamaa, na kasoro iliyokuwa kwa mmoja huwafikia wengi. Ndivyo ilivyokuwa. Basenji wa ng'ambo walipatwa na upungufu wa damu wa kurithi, kisha na ugonjwa wa mafigo uitwao Fanconi, ambao huyafanya mafigo yaachilie sukari na vitu vingine vyenye faida vipotee katika mkojo. Usafi wa nasaba, uliotafutwa kwa bidii kubwa, ukageuka kuwa udhaifu.

Dawa ilitafutwa wapi? Ilitafutwa kule kule ilikotoka asili. Mwaka 1987 na 1988 wapenzi wa mbwa kutoka Marekani walisafiri mpaka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, wakaenda vijijini, wakachagua mbwa kutoka kwa wanavijiji. Mwaka 1990 daftari la Marekani lilifunguliwa, na mbwa 14 wa Kiafrika wasio na nasaba iliyoandikwa wakaingizwa. Pamoja na damu mpya, walileta pia rangi ya milia. Tangu mwaka 2007 kimekuwapo kipimo cha chembe za urithi ambacho humwonyesha mfugaji ni mbwa gani wabebao asili ya Fanconi. Lakini kipimo huonyesha kasoro tu, hakiwezi kuleta damu ambayo haimo katika daftari. Damu hiyo ilikuwa imetunzwa na watu wa vijijini, kwa kazi ya uwindaji na bila daftari lolote.

Wahenga walisema, Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Mwenye mbwa aliitwa mshenzi. Mbwa wake akapewa medali, tena kwa jina lile lile la dharau. Soma nasaba za mbwa hawa, utayakuta majina ya Bois, na Congo, na Fula. Majina ya waliowafuga na kuwafundisha kuwinda msituni ni nadra kuyakuta humo. Pale nasaba ifikapo Afrika, nafasi ya baba na mama huachwa tupu, kana kwamba mbwa huyo aliota kama uyoga. Nafasi hiyo haikuwa tupu. Aliyeshika kalamu hakumwuliza aliyeshika mbwa.

Haya si mambo ya mbwa peke yake. Utakaposoma habari za nchi yoyote, jiulize ni nani aliyetoa majina, na alisimama wapi alipoyatoa. Na kabla hujalitamka neno mshenzi juu ya mtu, au hujamwita koko mbwa wa babu yako ambaye hata sasa hulinda mbuzi malishoni, kumbuka kengele ile ya mti. Mtu aliyeichonga alilijua tatizo lake na dawa yake, na mbwa aliyeivaa alikuwa mbwa yule yule kabla ya medali na baada yake.