Maumivu ya Kisigino Unapoamkia Alfajiri: Sababu, Tiba na Hukumu ya Swala

Wapo wanaoamka kwa ajili ya Swala ya Alfajiri, na wakikanyaga tu sakafu huhisi kisigino kama kimechomwa msumari. Wakitembea kidogo maumivu hupungua, kisha hurudi baada ya kukaa au kusimama muda mrefu. Mara nyingi chanzo ni kuumia kwa ukano mpana wa unyayo, unaotoka kisiginoni hadi kwenye mashina ya vidole.

Sababu

Huwapata zaidi wenye miaka 40 hadi 60, wanaosimama kutwa juu ya sakafu ngumu, wenye uzito mkubwa na wanaovaa ndara nyembamba. Eksirei ikionesha “mwiba” kwenye mfupa usifadhaike. Wengi wanao na hawaumwi.

Tiba ya nyumbani

1. Kabla ya kushuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, hesabu hadi 10, rudia mara 10.
2. Shika ukuta, mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka na kisigino kimegusa chini. Egemea mbele sekunde 30, mara 3.
3. Bingirisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya unyayo kwa dakika 10.
4. Vaa viatu vyenye soli nene na laini, hata nyumbani.

Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja, lakini yataka subira. Usikichanje kisigino. Mwenye kisukari au ganzi ya miguu asitumie barafu, bali amuone daktari mapema; vivyo hivyo mwenye homa, uvimbe au aliyeanguka.

Hukumu ya Swala

Kusimama ni nguzo ya Swala ya faradhi kwa mwenye uwezo. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alimwelekeza ‘Imraan bin Huswayn (Radhiya Allaahu ‘anhu), aliyekuwa na bawasiri, aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Hadithi hii ameipokea Al-Bukhaariy.

Basi maumivu madogo si udhuru wa kukaa. Anayeumwa anaweza kuegemea ukuta au fimbo. Yakizidi hadi kuwa mashaka makubwa, asimame kiasi anachoweza kisha akae, na asujudu kama kawaida ikiwa anaweza. Ama kusimamisha unyayo wa kulia katika kikao ni Sunnah. Ukimuumiza aulaze, na Swala yake ni sahihi.

Tunamuomba Allah Awaponye wagonjwa wetu. Wa Allaahu A‘lam.