Pumzi na Neno: Tiba ya Waliozidisha Dawa za Usingizi, kutoka Copenhagen hadi Dzaleka

Hadi miaka ya 1940, mgonjwa aliyezidisha babitureti, dawa za usingizi za enzi hiyo, alipewa dawa za kusisimua ili azinduke, na takriban mmoja kati ya watano alifariki. Mwaka 1949 Carl Clemmesen alianzisha kituo maalumu mjini Copenhagen. Yeye na Eric Nilsson waliziacha dawa hizo, wakalinda njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu. Vifo vilishuka hadi mmoja au wawili kwa mia.

Funzo hilo linaihusu Dzaleka, gereza la kisiasa la zamani wilayani Dowa lililogeuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Fenobabitali, ambayo ni babitureti, ingali tiba ya kifafa nchini Malawi. Aliyepoteza fahamu hawezi kujieleza. Jamaa yake ndiye ajuaye alimeza nini, kiasi gani na lini. Jamaa huyo, aliyetoka Kongo au Burundi, mara nyingi husema Kiswahili, ilhali katika hospitali za Lilongwe hutawala Kichewa na Kiingereza. Pumzi haingoji tafsiri, lakini maamuzi yanayofuata huitegemea. Hivyo, mkalimani wa Kiswahili ahesabiwe miongoni mwa watoa huduma kila mgonjwa anapopewa rufaa kutoka Dzaleka.