Kutoka Aliye Mbali Hadi Aliye Tayari

Mwaka mzima, jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni. Mtumishi anayefunga ofisi Posta saa 9:30 alasiri na kukimbilia viwanja vya gofu vya Gymkhana hana muda wa kuchezea. Kundi la watu wanne hutumia saa nne na zaidi kumaliza mashimo 18. Yeye ataambulia tisa, tena kama kundi la mbele halijakwama.

Kukwama huko kuna asili yake. Kanuni za kwanza za gofu kuandikwa, 13 kwa jumla, zilitungwa Leith, Uskoti, mwaka 1744. Ya 12 iliamuru kwamba mwenye mpira ulio mbali zaidi na shimo ndiye apige kwanza. Kwa watu wawili wanaoshindana, utaratibu huo unatosha. Wakiwa wanne, mmoja akipima upepo, akabadilisha fimbo, akachuchumaa kusoma mteremko wa majani, watatu hubaki wakimtazama, na kundi la nyuma linasimama pia.

Huku Dar, mchezo huo ulikuwa wa watawala: Waingereza waliuteka mji Septemba 1916. Klabu ya Gymkhana ikawa upande wa baharini, na kati ya Uhindini na makazi ya Waafrika ukaachwa uwazi wa Mnazi Mmoja. Zama hizo za ukoloni klabu ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliingia uwanjani akiwa kedi, mkoba wa fimbo begani.

Kasi ya mchezo ilikuwa mikononi mwa kedi huyo. Kedi hodari hutangulia, hukariri kichaka ulipotumbukia mpira, na mchezaji akifika anakuta fimbo inayofaa imeshachomolewa.

Dawa ya ucheleweshaji ya kwenye kadi ya matokeo ilitoka kwa daktari. Mwaka 1932, katika klabu ya Wallasey, Uingereza, Dk. Frank Stableford alianzisha mashindano ya pointi kwa kila shimo. Aliyeharibu kiasi cha kukosa pointi huokota mpira wake na kwenda shimo linalofuata. Wachezaji wa klabu za Gymkhana na Lugalo wanaufahamu vyema mfumo huo.

Kwenye michuano mikubwa, dawa ilikuwa chungu zaidi. Katika mashindano ya Masters ya 2013, Guan Tianlang wa China, kijana wa miaka 14, aliongezewa mkwaju mmoja kwa kuchelewa. Juni 2018, huko Austria, yalifanyika mashindano yenye saa ya kuhesabu kila mkwaju: sekunde 50 kwa anayeanza, 40 kwa wanaofuata. Mikko Korhonen wa Finland aliibuka bingwa.

Januari 2019 kanuni zenyewe zikabadilika duniani kote. Muda wa kutafuta mpira ulishuka kutoka dakika 5 hadi 3, bendera ikaruhusiwa kubaki shimoni mpira unaposukumwa, na sekunde 40 zikapendekezwa kwa mkwaju. Amri ya Leith nayo ikalegezwa: katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, aliye tayari anahimizwa kupiga, mradi asimhatarishe mwenzake. Kamati ya klabu inaweza kujiwekea ratiba na adhabu, na mfano uliotolewa pamoja na kanuni hizo hauna huruma: kosa la kwanza mkwaju mmoja, la pili miwili, la tatu kuondolewa mashindanoni.