Haki ya Mtunzi wa Nyimbo Katika Kongo

Kijana wa Obokote aliyeko masomoni mjini Kindu, mashariki mwa Kongo, akikusudia kutengeneza filamu fupi juu ya mwaka 1960, aghalabu atatamani kuutia ndani yake wimbo wa Indépendance Cha Cha, uliorekodiwa Brussels na Joseph Kabasele na wenziwe wakati wajumbe wa Kongo walipokuwa wakijadiliana na Wabelgiji juu ya uhuru. Wala simlaumu, kwani sauti iliyoibeba furaha ya mwaka ule kuliko hiyo siijui. Lakini wimbo huo una wenyewe, na umilki wa nyimbo katika Kongo una tarikhi yake.

Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jeronimidis alianzisha studio ya Ngoma mjini Léopoldville, na mwaka huo huo, tarehe 21 Juni, serikali ya kikoloni ikatoa amri ya kulinda haki za watunzi. Sheria ilimtambua mtunzi katika karatasi, ilhali katika studio za zama zile mwimbaji aghalabu alilipwa mara moja, akashika ujira wake akaenda zake, na santuri ikaendelea kumtajirisha mwenye mashine. Hiyo ilikuwa dhuluma, na athari yake ingalipo: nyimbo nyingi za wakati ule hazijulikani dhahiri ni milki ya nani. Serikali iliunda chama cha SONECA mwaka 1969, ikatunga sheria mpya tarehe 5 Aprili 1986, na tangu 2011 chama cha SOCODA ndicho kilichopewa kazi ya kukusanya malipo ya haki za watunzi.

Kwa sheria hiyo ya 1986, haki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Na Kabasele alifariki mwaka 1983, kwa hiyo miaka hiyo haijaisha. Basi kijana wetu ataka idhini mbili, ya warithi wa utunzi na ya mwenye rekodi, na uanafunzi haumwondolei wajibu huo. Mkataba wa Berne waziachia nchi kuruhusu matumizi ya kufundishia, kwa kadiri ya haja na kwa insafu, lakini filamu ipelekwayo tamashani imekwisha kutoka darasani.

Kwa hiyo napendelea amwendee mwanamuziki aliye hai wa Kindu, waandikiane hati ikitaja wimbo, filamu, muda, mahali pa kuonyeshwa, na fungu la mtunzi iwapo fedha zitapatikana.