Funzo la Matuta ya Machakos

Tuko hapa Machakos. Leo twataka kuzungumza juu ya kugawa kazi. Sisi tuliopewa uongozi kanisani, shuleni au katika chama cha ushirika, husema mara nyingi kwamba tumegawa kazi. Lakini tukijichunguza, huenda tumewagawia wenzetu jasho tu, na uamuzi wote tumebaki nao. Tofauti ya mambo hayo mawili inaonekana katika vilima vyetu wenyewe.

Katika miaka ya 1930 nchi hii ilikuwa katika hali mbaya. Mvua iliponyesha, udongo ulichukuliwa hadi mtoni, na makorongo yalizidi kupanuka. Serikali ya kikoloni iliuona ubaya huo, wala haikukosea. Lakini dawa yake ilikuwa amri. Mwaka 1938 ilianza kuwanyang'anya watu ng'ombe ili kupunguza mifugo. Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba wengi, wake kwa waume, mpaka Nairobi, wakakaa huko majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kunyang'anya ng'ombe kwa nguvu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja kazi ya matuta, nayo pia kwa lazima. Watu walitolewa makwao wakachimbe chini ya macho ya chifu. Mahali pa kuchimba na namna ya kuchimba viliamuliwa na wakubwa. Matuta mengi yalichimbwa, lakini yalikuwa membamba, na mengi yalibomoka upesi. Watu waliyahesabu kuwa matuta ya serikali, na jambo la serikali, walisema, na litengenezwe na serikali.

Katika miaka ya 1950 njia ilianza kubadilika. Wakamba tangu zamani wana desturi ya mwethya: majirani hukusanyika kumsaidia mwenzao kulima au kujenga, kisha siku nyingine huenda kwa mwingine. Maafisa wa maendeleo wakaviachia vikundi vya namna hiyo kazi ya matuta. Vikundi vikachagua viongozi wao, na mara nyingi viongozi hao walikuwa akina mama. Vikachagua pia aina ya matuta. Wengi walipenda aina tunayoiita fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro, na shamba likasawazika polepole. Tena, kikundi kilichimba katika mashamba ya wanakikundi wenyewe, kwa zamu.

Baada ya uhuru mwaka 1963 kazi hiyo ililegea kwa muda, kwa kuwa wengi waliona matuta yananuka ukoloni. Lakini kufika miaka ya 1970 watu walikuwa wakichimba tena, bila kusukumwa. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya habari hii. Katika wilaya ya Machakos ya wakati ule, watu waliongezeka kutoka kama 240,000 mwaka 1932 hadi kama 1,400,000 mwaka 1989, na hata hivyo udongo ulihifadhiwa kuliko zamani. Mwethya haukuleta hayo peke yake. Kahawa, mboga na mishahara ya Nairobi vilisaidia. Lakini mikono iliyochimba ilikuwa imepewa neno katika kazi yake.

Tuangalie pia kwamba maafisa hawakujitenga. Walifundisha, na walisaidia kupima mistari ya matuta. Kumwachia mtu kazi si kumtupa. Yethro alipomshauri Musa, katika Kutoka 18, hakumwambia aondoke. Wale waliochaguliwa waliamua mambo madogo, na yaliyo magumu yakaletwa kwa Musa.

Basi tunapoiachia kamati kujenga tangi la maji, au vijana kuandaa mkutano, tuwaambie wazi kinachotakiwa, fedha zilizopo, na siku ya kuleta taarifa. Kisha wamchague mwenyekiti wao na njia yao. Hapo ndipo penye ugumu, maana huenda njia yao isiwe yetu. Ikiwa haina hatari wala udanganyifu, tuiache. Tukiingia kila jioni kugeuza walichoamua asubuhi, watajifunza kutungoja, na siku tutakapohamishwa kazi itabomoka nyuma yetu kama yale matuta membamba.

Juma hili kila mmoja wetu na atazame kazi moja aliyomkabidhi mwenzake, ajiulize: je, ana ruhusa ya kuamua lolote bila kuja kwangu?