Neno la Wiki: Gegedu

Kunja sehemu ya juu ya sikio lako: kile kinachopinda bila kuvunjika ni gegedu. Gegedu pia hufunika ncha za mifupa ndani ya viungo ili isisuguane.

Katika ugonjwa adimu wa kondromatosisi ya sinovia, utando unaotoa ute wa kiungo huota vinundu vya gegedu. Vikikatika, huelea ndani ya kiungo, kwa mfano bega. Mkono huuma na kukwama. Ugonjwa huu si saratani. Kwa upasuaji wa matundu madogo, daktari hupitisha kamera nyembamba kwenye tundu moja na kuvitoa vinundu kupitia jingine.

Madaktari, litumieni neno hili: mgonjwa ana haki ya kuelewa anachotolewa.