Tuzo za Haki ya Jinai (Kenya)

Tuzo za haki ya jinai ni heshima wanayopewa mawakili, wabunge, watetezi na wanahabari wanaosaidia sheria kumlinda mnyonge. Njoki Ndung'u, aliyefikisha bungeni mswada uliozaa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, alitunukiwa na Umoja wa Mataifa nchini Kenya tuzo ya Mtu wa Mwaka. Sheria hiyo ndiyo inayotumika katika mahakama kote nchini.

Wanahabari hutuzwa kila mwaka na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya. Uzito wa kazi yao ulidhihirika Februari 2023, BBC ilipotangaza uchunguzi wa mwanahabari Tom Odula kuhusu mashamba ya chai ya Kenya yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni za Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 walieleza kunyanyaswa kingono na wasimamizi wao, na Bunge likaagiza uchunguzi. Ushahidi wa aina hii ni adimu, kwa kuwa mchuma chai humtegemea msimamizi huyohuyo kupata kibarua cha kesho. Wanawake hao waliothubutu kusema wanastahili kutuzwa kabla ya mwandishi yeyote.